Kumi Bora za Vitamini C Manga, Kuanzia Mkiani

Sheria kwanza, ndipo ubishi. Kipimo chetu ni miligramu 45 za vitamini C kwa siku, ambazo Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) yanasema zinamtosha mtu mzima. Mjamzito anahitaji 55, anayenyonyesha 70, na mtoto wa miaka saba hadi tisa 35. Waingereza wameridhika na 40. Wamarekani, watu wa kupenda vikubwa, wamewapimia wanaume 90 na wanawake 75, kisha mvuta sigara wakamwongezea 35 juu yake kana kwamba wanamtoza faini. Sisi tutabaki na 45. Ukiona ni kidogo, hamia Marekani.

Sheria ya pili: mbuzi haruhusiwi kushiriki. Yule anayetafuna kamba yake na gazeti lako haugui kiseyeye, kwa sababu ini lake hujitengenezea vitamini C mchana na usiku. Wewe na nyani mmenyimwa. Kiwanda hicho kilikufa katika miili ya mababu zetu mamilioni ya miaka iliyopita na hakuna fundi aliyejitokeza. Ndiyo maana mbuzi anakuangalia hivyo.

Sheria ya tatu: vitu vimepangwa jinsi vinavyoliwa na kunywewa hapa kwetu, kuanzia ukingo wa Manga huku Nyamira, Kenya, pale ambapo kukiwa hakuna ukungu unaliona Ziwa Victoria, hadi Keroka na Kisii mjini. Havikupangwa kwa sifa zake, maana sifa hazina miligramu. Takwimu ni za wastani, kwani udongo, aina ya mche na siku ambazo tunda limekaa sokoni hubadilisha hesabu. Refa ni mimi. Rufaa hazipokelewi.

10. Chai ya maziwa

Najua. Nimeanza kwa kumtukana mwenye nyumba. Nyamira ni chai: Tombe, Sanganyi, Kebirigo, Nyansiongo, kila upande kuna kiwanda na kila kiwanda kina foleni ya majani mabichi. Lakini jani likishanyaushwa, likasagwa, likaachwa lichachuke na kukaushwa kwa moto, vitamini C inayofika kikombeni haifai hata kuandikwa. Maziwa hayaokoi jahazi. Mililita 100 za maziwa ya ng'ombe zina miligramu moja au mbili, na hizo ni kabla hujayachemsha.

Ubaya mwingine ni wa saa. Vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe na mboga za majani. Chai hufanya kinyume: uchungu wake huyakamata madini hayo tumboni na kuyasindikiza nje. Sasa fikiria desturi yetu. Mtu amekula maharagwe vizuri, amejipangusa mdomo, na kabla sahani haijaondolewa mezani birika limeshafika. Sisemi uiache chai. Ningesema hivyo Nyamira ningerudi nyumbani kwa miguu. Nasema isubiri saa moja hivi, na mjamzito aliyeambiwa kliniki kwamba damu yake iko chini aanze na tunda.

9. Kinywaji cha rangi

Hiki kinauzwa kama juisi na kinanywewa kama juisi, ila ukisoma pakiti kwa makini utakuta neno "ladha". Kinywaji chenye ladha ya embe hakijawahi kukutana na embe. Kimesikia tu habari zake. Kuna sukari, maji, rangi, asidi ya sitriki na picha ya tunda lililokatwa vizuri kuliko unavyoweza kulikata wewe.

Mgala muue na haki yake mpe. Pakiti nyingine huongezwa vitamini C kiwandani na huandikwa asidi ya askobiki au E300. Hiyo ni ile ile iliyomo kwenye chungwa, na mwili wako hauulizi imetoka mtini au kwenye gunia. Swali ni moja tu: kiasi kilichoandikwa kimo kweli?

Swali hilo liliulizwa na wasichana wawili wa shule huko Auckland, New Zealand, mwaka 2004. Walikuwa na miaka 14 na walihitaji kitu cha kupeleka kwenye maonyesho ya sayansi, basi wakapima vinywaji vya dukani. Pakiti ya Ribena ya kunywa moja kwa moja ilijitangaza kuwa na miligramu 7 kwa kila mililita 100. Wasichana walipima, wakapima tena wakidhani wamekosea wao, wakaambulia karibu patupu. Waliandikia kampuni wala hawakupata jibu la maana. Kesi ilipanda hadi kwa tume ya biashara ya nchi hiyo, na Machi 2007 GlaxoSmithKline, kampuni kubwa ya dawa yenye wanasayansi wa kujaza uwanja, ilikiri mashtaka 15 mahakamani Auckland na kutozwa faini ya dola 217,500 za New Zealand. Kisa kizima kilianzia kwenye matone ya maabara ya shule.

Wasichana wa Manga Girls, mmesikia. Maabara mnayo.

8. Ndizi

Hapa naomba msamaha kwa wenyeji wote wa Kisii na Nyamira, kwa sababu amatoke ndiyo utajiri wa mlima huu. Zinashuka kwenda Kisumu na Nairobi kwa malori yaliyolemewa hadi yanatembea upande. Lakini ndizi mbivu ya wastani ina miligramu 10 tu. Ili utimize 45 unahitaji nne na nusu, na hiyo nusu utaila pia.

Watetezi wa ndizi watasema mtu wa hapa hula ndizi nne kabla hajakubali kwamba ameanza kula. Hoja ina mashiko, na ndiyo iliyoiokoa ndizi isishindwe na pakiti ya rangi. Ila hiyo ni ndizi mbivu isiyopikwa. Ile ya kupika, iliyokaa jikoni ikichemka mpaka ikalainika, imepoteza sehemu ya kile kidogo ilichokuwa nacho. Ndizi inakupa nguvu na potasiamu. Vitamini C siyo kazi iliyoajiriwa kufanya.

7. Avokado

Mafuta mazuri, bei nzuri ya kuuza nje, miligramu 10 kwa gramu 100. Twende.

6. Chinsaga

Kwa heshima zote. Mboga hii inastahili sanamu pale sokoni Daraja Mbili, na wengine wenu mmekulia juu yake. Majani mabichi ya kijani kilichokolea kwa jumla ni matajiri wa vitamini C, na chinsaga ni mmoja wa hao matajiri. Tatizo ni safari yake ya kwenda mezani.

Chinsaga ni chungu, kwa hiyo huchemshwa sana. Maji ya kwanza humwagwa. Pengine na ya pili. Kisha hutiwa maziwa, hupashwa, hulazwa, hupashwa tena kesho, na kila mtu aliyeila siku ya tatu atakuapia kwamba ndiyo siku yake. Ulimi hausemi uongo. Lakini vitamini C ina maadui watatu: maji, maana huyeyuka humo; moto; na hewa. Chinsaga imekabidhiwa kwa wote watatu kwa zamu. Maji uliyomwaga nyuma ya jiko ndiyo yaliyoondoka na vitamini, na kuku waliokuwa pale walinufaika kuliko baba wa nyumba.

Kinachobaki bado ni kikubwa: kalsiamu, madini ya chuma, na ile rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ambayo haipotei ovyo kwenye maji. Kwa hivyo sitathubutu kumwambia mama wa Kigusii apunguze maji ya chinsaga. Nina familia inayonitegemea. Ninachopendekeza ni kuiacha chinsaga ilivyo na kuweka tunda bichi pembeni yake, ili yale madini ya chuma yapate msaidizi. Sukuma wiki haina udhuru huo wa uchungu; hiyo ikatwe, ikaangwe dakika chache, ishuke ingali kijani. Ukiiona imekuwa rangi ya gwanda la askari, umechelewa.

5. "Dawa" ya ndimu, tangawizi na asali

Mwaka 2020 wakati wa Korona ndimu zilipanda bei, tangawizi ikafuata, na kila aliyekuwa na sufuria akawa daktari. Tusiseme mengi, tuhesabu tu. Ndimu moja ya wastani hutoa takriban mililita 45 za maji yake, na humo mna miligramu kama 18. Yaani kikombe cha dawa chenye ndimu nzima hakijafika hata nusu ya siku. Na ni wachache wanaoweka ndimu nzima. Hoteli nyingi huweka kipande kimoja kinachoelea juu kwa ajili ya picha. Ukiipika pamoja na maji yanayotokota unapunguza zaidi. Subiri maji yapoe kidogo ndipo ukamue.

Anayeamini kwamba vitamini C nyingi huzuia mafua ana mtu wa kumlaumu, naye hakuwa mganga wa mtaani. Linus Pauling wa Marekani alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1954 na ile ya Amani mwaka 1962, kisha mwaka 1970 akaandika kitabu cha kuwahimiza watu wameze vitamini C kwa gramu. Watafiti wamepima dai lake tangu hapo, na jibu limekuwa la kukatisha tamaa: kwa watu wa kawaida haizuii mafua. Anayeitumia kila siku huenda akapona mapema kidogo, kitu kama asilimia 8 kwa watu wazima. Hiyo ni mafua ya wiki nzima yaliyopungua nusu siku.

Vidonge vya kutafuna vya dukani navyo visikubabaishe. Ukila miligramu 100 au 150 mwili hufyonza sehemu kubwa. Ukimeza gramu nzima kwa mpigo, hufyonza chini ya nusu, na hata hiyo iliyoingia figo huitoa haraka. Ukipita gramu 2 kwa siku tumbo linaweza kuanza kukujibu kwa lugha ambayo hutaipenda kwenye matatu ya kwenda Nairobi. Una choo chenye lishe kuliko cha jirani, na hakuna aliyekupongeza.

4. Juisi ya pasheni

Sasa tumefika kwenye tunda la kujivunia. Pasheni ya zambarau inastawi kwenye miinuko hii, na harufu yake ikifunguliwa jikoni hata aliyenuna hugeuka. Maji yake halisi yana takriban miligramu 30 kwa mililita 100. Si haba.

Lakini nani hunywa maji halisi? Glasi ya pasheni ya kibandani ina pasheni, maji, sukari, maji, barafu na maji. Chukua glasi ya mililita 250 ambayo moja ya tano yake ni pasheni kweli. Hizo ni mililita 50, sawa na miligramu 15, theluthi ya siku. Umelipia tunda, umeuziwa Mto Gucha.

Usichukue neno langu. Pima. Mwanafunzi wa sekondari wa Kenya anaijua DCPIP, ile dawa ya buluu ya somo la biolojia ambayo hupoteza rangi ikikutana na vitamini C: kadiri matone ya juisi yanayohitajika yalivyo machache, ndivyo juisi ilivyo na nguvu. Nyumbani huna DCPIP, lakini duka la dawa linauza iodini ya kahawia ya kusafishia vidonda, na unga wa mahindi unao.

Chemsha kijiko cha unga katika kikombe cha maji, acha utuame, na yale maji ya juu ndiyo wanga wako. Iodini ipunguze makali kwa kuchanganya kipimo kimoja na vipimo tisa vya maji. Kidonge cha vitamini C cha miligramu 500 kisage na ukiyeyushe katika lita moja ya maji. Sasa kila mililita 5 za maji hayo zina miligramu 2.5. Hilo ndilo jiwe lako la mizani. Vuta mililita 5 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tia matone machache ya wanga, kisha dondosha iodini ukitikisa na kuhesabu. Mwanzoni kila tone litapotea, kwa sababu vitamini C inaikamata iodini na kuiondolea rangi, molekuli kwa molekuli. Vitamini ikiisha, tone linalofuata halina wa kulizuia. Linakutana na wanga na glasi inageuka buluu iliyokolea karibu na nyeusi. Rangi ikidumu, acha kuhesabu.

Rudia kwa mililita 5 za juisi, kwa kidondoshi kile kile. Tuseme maji ya kidonge yalikula matone 70 na pasheni ikala 42. Gawanya 42 kwa 70, zidisha kwa 2.5, unapata 1.5. Hizo ni miligramu 1.5 katika mililita 5, yaani 30 katika mililita 100, na hapo pasheni yako ni halali. Ukipata matone 8, mrudishie mwenye kibanda glasi yake na umuulize kwa upole mto unaendeleaje.

Tahadhari mbili kwa wapelelezi. Vinywaji vilivyohifadhiwa kwa salfaiti, zile E220 hadi E228 kwenye pakiti, hukamata iodini vile vile. Kitu kisicho na vitamini C hata chembe kitaonekana bingwa. Na juisi nyekundu ya matunda damu huficha rangi ya mwisho, kwa hiyo izimue kwanza kwa maji unayoyapima, kisha uyahesabu. Ukimaliza, mwaga yote. Usimpe mtu glasi ya majaribio kwa kuwa "haina kitu kibaya". Ina iodini ya vidonda.

Tahadhari ya tatu si ya wapelelezi, ni ya wenye friji: juisi iliyokamuliwa asubuhi na kuachwa wazi mezani hadi jioni hupungua nguvu. Ifunike, iweke penye baridi, au afadhali inywe.

3. Chungwa

Bingwa wa mabango. Ukimuuliza mtu yeyote vitamini C iko wapi, atachora chungwa. Naye chungwa hajakosa haki: moja la wastani lina miligramu 70 hivi, kwa hiyo mtu mzima akila moja amemaliza siku na chenji imebaki.

Pwani ya Waswahili ina ushahidi wa zamani kuhusu tunda hili. Aprili 1498 Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa, mfalme wa pale aliwapelekea wageni kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Wageni wenyewe walikuwa wamekuja na kiseyeye, maradhi ya fizi kuvimba na majeraha ya zamani kufunguka, ambayo baharini yaliua kuliko mizinga. Walipotoka India kurudi, walikaa baharini karibu miezi mitatu na watu kama 30 wakafa. Januari 1499 waliifikia Malindi, na shajara ya safari hiyo inasema wagonjwa walitamani sana machungwa. Yaliletwa kesho yake. Kwa wengi ilikuwa kuchelewa. Wakafia huko huko.

Ilichukua miaka mingine karibu 250 kwa Ulaya kupima jambo ambalo mgonjwa alikuwa ameshalipigia kelele. Mwaka 1747 daktari James Lind, ndani ya manowari HMS Salisbury, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili. Wawili walipewa siki, wawili maji ya bahari, na wengine mambo ya namna hiyo. Wawili wenye bahati walipewa machungwa mawili na ndimu moja kila siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita, na mmoja wao alikuwa karibu tayari kurudi kazini. Jeshi la maji la Uingereza lilitafakari suala hilo kwa utulivu hadi 1795. Lind mwenyewe aliharibu kazi yake kidogo: alishauri maji ya ndimu yachemshwe polepole mpaka yawe mazito ili yahifadhike, na humo ndimo nguvu nyingi ilipotelea. Mama wa chinsaga angemwelewa.

Kwa nini basi namba tatu? Kwa sababu machungwa mengi ya hapa hayakuzaliwa hapa. Huja kwa lori, mengine kutoka Tanzania, na bei yake inajumuisha mafuta, askari wa barabarani na mchuuzi wa Keroka. Papai lina zaidi kidogo kwa uzito ule ule, kama miligramu 60 kwa gramu 100 dhidi ya 53 za chungwa, na shina lake liko nyuma ya nyumba yako. Chungwa lilipata wakala mzuri, ndiyo siri yote.

2. Kachumbari

Naam, kachumbari. Msinipigie kelele kwamba si juisi. Ukimaliza nyama, ni nani asiyenyanyua sahani na kunywa yale maji yaliyobaki chini?

Siri yake ni pilipili hoho. Hoho ya kijani mbichi ina miligramu 80 kwa gramu 100, na nyekundu hupita 120. Nusu ya hoho na nyanya moja tayari zimekupa miligramu 60 na kitu, kabla hujakamulia ndimu wala kutupia dhania. Kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba inachangia pia. Hakuna kilichopikwa, hakuna maji yaliyomwagwa, na kwa kuwa inaliwa pamoja na maharagwe au nyama, inafanya kazi ya madini ya chuma papo hapo. Chungwa la saa kumi jioni haliwezi kujisifia hivyo. Hiyo ndiyo hoja iliyoishinda hesabu kavu, na kama nilivyosema, refa ni mimi.

Hoho ina jamaa maarufu. Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi wa Hungaria, alihitaji vitamini C nyingi ili aichunguze na hakuwa na mahali pa kuipata kwa wingi. Kwa masimulizi yake mwenyewe, jioni moja mkewe alimwandalia pilipili za mji wao wa Szeged, hakuwa na hamu nazo, akaona badala ya kugombana heri azibebe maabara. Kufikia usiku wa manane alijua amekalia hazina. Mwaka 1937 alipewa Tuzo ya Nobel. Hii ndiyo mara pekee inayojulikana ambapo mume kususia chakula kumeleta faida, na asiitumie mtu kama mfano nyumbani.

1. Pera

Hili hapa. Linalookotwa. Linalotobolewa na ndege, linalokanyagwa na ng'ombe, linaloanguka kando ya njia ya kwenda Manga na kuoza likinukia vizuri kuliko manukato ya arusi. Gramu 100 za pera zina takriban miligramu 228 za vitamini C. Hiyo ni mara nne ya chungwa, mara saba ya pasheni, mara ishirini na kitu ya ndizi. Pera dogo la gramu 55, lile analotia mtoto mfukoni akienda shule, lina miligramu kama 125. Linamlipia yule mtoto siku yake zaidi ya mara tatu. Linamtosha hata Mmarekani avutaye sigara.

Na bei yake? Nilimuuliza mama mmoja mwenye meza ya matunda mbona ana machungwa, maembe na hata matufaha ya kutoka ng'ambo, na pera hana. Aliniangalia kwa huruma. "Mapera, baba? Hayo si ya kuuza. Hayo ni ya watoto." Tufaha alilokuwa akilipangusa kwa kitambaa ili ling'ae lilikuwa na miligramu zisizofika 10, na alikuwa akiliuza moja moja.

Tunaliheshimu tunda kwa umbali lilikotoka. Tufaha lina stika, pera lina funza, na mshindi anajulikana hata kabla ya kupima. Hatujawahi hata kupanda mpera. Ndege ndio waliotupandia, nasi tukaudharau kwa sababu hatukuutolea jasho.

Namna ya kulila haina mambo mengi. Usilimenye: nguvu imejaa zaidi kwenye ngozi na nyama iliyo karibu nayo kuliko katikati kwenye mbegu. Lioshe, ling'ate. Ukitaka juisi, lisage zima na maji kidogo, lichuje mbegu, linywe hapo hapo. Ukitaka jamu, pika jamu, ila ujue umeamua utamu na umeachana na sehemu ya miligramu. Na usile kapu zima kwa siku moja. Mbegu zikijazana utafunga choo, kisha utasema niliyekushauri ni mimi.

Walimu wa kemia na biolojia wa Kisii na Nyamira, msimu ukifika wapelekeeni wanafunzi maabara pera, chungwa, pasheni ya kibandani na pakiti moja ya rangi, wapime wenyewe na waandike majibu ukutani. Na wewe mwenye shamba, usiukate mpera ulio kwenye ua kwa sababu unayaibia mahindi jua. Kata mkaratusi.